Ukuta wa matofali mbele ya mahakama

Mwaka 1987 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuusajili mchezo mmoja wa video kwa hoja kwamba haukuwa na ubunifu wa kutosha. Kesi iliyofuata ilichukua miaka mitano, na swali lililoulizwa humo bado linaulizwa.

Mpenzi msikilizaji, chukua kalamu uchore kijimraba kidogo. Chini yake chora mstari mfupi uliolala. Juu ya ukurasa panga vijistatili safu nane, kila safu vijistatili kumi na vinne, mpaka upate kitu kinachofanana na ukuta. Kijimraba kile ndicho mpira, mstari ule ndicho kibao cha kuupigia, na kazi yako ni kuubomoa ukuta tofali baada ya tofali bila ya kuuacha mpira udondoke. Hapana mtu, hapana mnyama, hapana hadithi.

Huo ndio mchezo uitwao Breakout, uliotolewa na kampuni ya Atari ya California mwaka 1976. Katika makala yetu ya leo tutaufuata mchezo huo kutoka meza ya fundi hadi meza ya jaji. Ni nadra katika historia ya sanaa kwa dola kuulizwa waziwazi, tena mahakamani: ubunifu ni nini, na ni kiasi gani cha ubunifu kinachotosha?

Breakout haukuzuka hewani. Mwaka 1966 mhandisi Ralph Baer, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922 na kukimbilia Marekani pamoja na familia yake mwaka 1938, alipata wazo kwamba runinga ya nyumbani ingeweza kuchezewa badala ya kutazamwa tu. Kifaa kilichotokana na kazi yake, Magnavox Odyssey, kilianza kuuzwa mwaka 1972, kikiwa na mchezo wa tenisi ya mezani. Mwaka huohuo Nolan Bushnell, mmoja wa waasisi wa Atari, aliuona mchezo huo katika maonyesho huko California. Kabla ya mwaka kwisha Atari ikawa imetoa mchezo wake wa tenisi, Pong. Magnavox ikaenda mahakamani kudai haki za hataza, na mwaka 1976 pande hizo mbili zikapatana, Atari ikikubali kulipia leseni.

Basi Pong ulikuwa wizi? Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu. Aliyeutengeneza, Allan Alcorn, alipewa kazi hiyo kama zoezi la kujifunzia tu. Lakini hakuridhika na mpira unaokwenda na kurudi kwa namna moja. Akakigawa kibao sehemu nane: mpira ukigonga katikati hurudi moja kwa moja, ukigonga pembeni huruka kwa mshazari mkali. Akaufanya mpira uzidi kasi kadiri wachezaji wanavyoendelea kurudishiana. Tena kulikuwa na hitilafu katika saketi, vibao havikuweza kufika juu kabisa ya kioo. Alcorn aliiacha hitilafu ile kama ilivyo, kwa kuwa bila ya pengo hilo wachezaji wawili hodari wangeweza kucheza mpaka alfajiri na hakuna ambaye angeshindwa. Wazo la tenisi ya runinga alilikuta. Pembe nane, kasi inayopanda na pengo lisiloweza kuzibwa, hayo ni yake.

Miaka michache baadaye Bushnell, pamoja na mhandisi Steve Bristow, waliwaza hivi: itakuwaje iwapo Pong utachezwa na mtu mmoja, na mahali pa mpinzani tukaweka ukuta? Kazi ya kuunda mtambo alikabidhiwa kijana aliyekuwa fundi wa Atari, Steve Jobs, kwa ahadi ya malipo ya ziada kwa kila chipu atakayoweza kuipunguza. Jobs akamwita rafiki yake Steve Wozniak, ambaye mchana alikuwa mwajiriwa wa Hewlett-Packard. Kwa muda wa siku nne, usiku na mchana, Wozniak akachora na Jobs akaunganisha nyaya. Matokeo yake yalikuwa mtambo wenye chipu zisizofika hamsini, mdogo ajabu kwa zama zile.

Kuhusu malipo kuna simulizi mbili. Wozniak ameeleza mara nyingi kwamba aliambiwa Atari imetoa dola 700, akapewa nusu yake, yaani dola 350, na kwamba ni baada ya miaka mingi ndipo alipopata kujua kuwa kulikuwa na nyongeza ya maelfu ya dola. Jobs, aliyefariki dunia mwaka 2011, alikanusha. Linalotuhusu zaidi sisi ni hili: mtambo ule wa ajabu haukutumika. Wahandisi wa Atari waliuona umebanwa mno kiasi cha kushindikana kuundwa kwa wingi kiwandani, wakatengeneza mwingine, wenye chipu karibu mia moja, na huo ndio uliokwenda sokoni.

Sasa niambie, msikilizaji, mtunzi wa Breakout ni nani? Bushnell aliyewaza? Wozniak, ambaye kazi yake iliachwa kando? Au wahandisi wa kiwandani ambao majina yao hayakupata umaarufu? Sheria ya Marekani ina jibu la haraka, kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa ni mali ya mwajiri. Jibu hilo linamfaa mhasibu. Halimfai mwanahistoria.

Tuutazame mchezo wenyewe, maana mengi yaliyokuja kusemwa mahakamani yamo humo. Kioo cha Breakout kilikuwa cheusi na cheupe. Rangi zilipatikana kwa kubandika vipande vya karatasi laini ya plastiki juu ya kioo, njano, kijani, rangi ya chungwa na nyekundu, safu mbilimbili kutoka chini kwenda juu. Tofali la njano lilikuwa na pointi moja, la kijani tatu, la chungwa tano, jekundu saba. Mpira ulianza taratibu, ukaongeza mwendo baada ya mapigo kadhaa, na ukaongeza tena ulipofika kwenye safu za juu. Na pale ulipopenya ukuta wote na kugonga dari, kibao cha mchezaji kilipungua kikawa nusu ya ukubwa wake. Kwa maneno mengine, mafanikio yako ndiyo yaliyokuponza.

Fauka ya hayo kulikuwa na lile ambalo kila aliyewahi kucheza atalikumbuka. Ukitoboa tundu upande mmoja wa ukuta, mpira hupenya na kwenda nyuma yake, ukaanza kudundadunda kati ya dari na matofali, ukibomoa peke yake huku wewe umekaa chini, mikono imetulia, unatazama tu. Ni furaha ya mtu aliyemwingiza mwizi ndani ya boma la adui. Jina la mchezo lina maana ya kuvunja na kutoroka, na michoro ya kabati lake ilihusu kutoroka gerezani, lakini kwenye kioo hapakuwa na gereza wala mfungwa. Vilikuwapo vijimraba na vijistatili, na akili ya mchezaji ikajaza mengine.

Jambo jingine la kuzingatia: ndani ya mashine ile hamkuwa na kompyuta kwa maana tuijuayo leo. Hapakuwa na programu iliyoandikwa. Mantiki yote ilikuwa katika nyaya na chipu zenyewe. Kwa hiyo ilipofika siku ya kudai hakimiliki, Atari haikuweza kusema, "Hii hapa maandishi yetu." Kilichokuwapo cha kuonyesha ni kile tu kilichoonekana na kusikika.

Kutoka California hadi Tokyo

Kabla ya kuingia mahakamani, yatupasa tupite Japani. Huko, katika kampuni ya Taito, mhandisi Tomohiro Nishikado aliucheza Breakout, akavutiwa nao, akataka kuunda kitu cha kuushinda. Alichokiona ni kwamba utamu wa mchezo ule uko katika kufagia shabaha moja baada ya moja mpaka isibaki hata moja. Akajiuliza: je, shabaha zenyewe zikisogea? Je, zikijibu mapigo?

Nishikado alilazimika kuunda mwenyewe hata vifaa vya kufanyia kazi. Alitaka kwanza shabaha ziwe askari, kampuni ikakataa watu kupigwa risasi. Akageukia viumbe wa sayari nyingine wa riwaya ya The War of the Worlds ya Mwingereza H. G. Wells, akawapa maumbo ya pweza, ngisi na kaa. Mchezo huo, Space Invaders, ulitolewa mwaka 1978 na kuenea duniani kote.

Sehemu yake inayosifiwa zaidi ilitokana na udhaifu wa mashine. Kichakato cha wakati ule kilielemewa na kuchora viumbe wengi kwa pamoja, basi wakatembea polepole. Kila alipouawa mmoja, mzigo ulipungua, na waliobaki wakaenda mbio zaidi. Yule wa mwisho alikimbia kama aliyechanganyikiwa. Nishikado hakuwa ameyapanga hayo, lakini alipoyaona aliyaacha. Alcorn aliacha pengo, Nishikado akaacha mbio. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya ubunifu katika kazi hizi haikuwa kuzua kitu, ilikuwa kukitambua kitu kilichojitokeza chenyewe, kisha kuwa na busara ya kutokirekebisha.

Msajili na jaji

Turejee Marekani. Mwaka 1984 Atari iligawanyika, na kitengo cha mashine za sarafu kikawa kampuni iitwayo Atari Games. Mwaka 1987 kampuni hiyo iliomba kuusajili Breakout kama kazi ya picha na sauti. Ombi likakataliwa. Likaangaliwa upya, likakataliwa tena. Msajili wa hakimiliki wakati huo alikuwa Ralph Oman, na ndiyo maana kesi hiyo imeingia katika vitabu vya sheria kwa jina la Atari Games dhidi ya Oman. Wasikilizaji wetu walioko Muscat na Salalah wasishtuke, Oman hapa ni jina la ukoo wa bwana huyo.

Hoja ya msajili haikuwa ya kipuuzi, nasi tusiicheke. Sheria haimpi mtu yeyote umiliki wa mraba, mstatili au rangi nyekundu, kwani hayo ni mali ya wanadamu wote. Mpira ni mraba, kibao ni mstatili, ukuta ni mistatili, sauti ni milio michache. Ukiviondoa vyote hivyo, alisema, hakibaki kitu kinachoweza kuitwa kazi ya mtunzi. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye.

Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia mjini Washington. Hukumu ya mwaka 1989 iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, ambaye baadaye, mwaka 1993, aliingia Mahakama Kuu ya Marekani na kuwa mashuhuri duniani. Mahakama haikusema kwamba Breakout ni sanaa kubwa. Ilisema kwamba sababu za msajili hazieleweki, na ikamrudishia shauri alifikirie tena. Mwaka 1990 msajili akakataa kwa mara nyingine.

Katikati ya mvutano huo, mwaka 1991, Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi iliyohusu, amini usiamini, kitabu cha namba za simu cha kampuni moja ya mashambani huko Kansas. Kampuni hiyo ilidai kwamba imetoka jasho kukusanya majina na namba, na kwa hiyo kitabu ni chake. Mahakama Kuu ikajibu kwamba jasho halitoshi. Panatakiwa ubunifu, hata ukiwa mdogo, na kupanga majina kwa alfabeti hakufikii hata udogo huo.

Msajili alijiona amepata silaha. Lakini mwaka 1992, Jaji Ginsburg alipoandika hukumu ya pili ya Breakout, silaha hiyo iligeuka mikononi. Kizingiti kilichowekwa na kesi ya kitabu cha simu ni cha chini sana, ilisema mahakama, na kazi nyingi mno hukivuka. Kosa la msajili lilikuwa kutazama vipande kimoja kimoja, na kutazama kioo kana kwamba ni picha iliyoganda. Mchezo hauko katika picha moja. Uko katika mfululizo wa picha na sauti kadiri unavyochezwa: uchaguzi wa rangi, mahali pa kuandikia pointi, mpira wa mraba badala ya wa duara, kibao kinachopungua, mwendo unaobadilika, milio inayokwenda sambamba na mapigo, na mpira usiofuata kanuni za kawaida za fizikia unaporuka. Hakuna kati ya hayo lililokuwa la lazima. Kila moja lilichaguliwa. Katika kesi hiyo mahakama ilikumbusha pia majina ya wachoraji Mondrian na Malevich. Mmoja alijulikana kwa mistari iliyonyooka na mistatili ya rangi chache, mwingine kwa mraba mweusi alioufanya kuwa mchoro kamili. Mpangilio wenyewe, ilisema mahakama, unaweza kuwa ushahidi wa kazi ya mtunzi.

Hapa, mpenzi msikilizaji, nataka tusimame kidogo katika lugha yetu. Naona Kiswahili kililitatua nusu ya tatizo hili zamani, kabla ya mawakili wa Washington. Sisi husema kutunga shairi. Na kutunga, kwa asili, ni kupitisha uzi: tunatunga shanga, tunatunga asumini tukapata kikuba, wavuvi hutunga samaki tukapata mtungo. Anayetunga shanga hakuzifinyanga. Mshairi naye hakuyaumba maneno, kila neno lake liko sokoni na jikoni kwa watu wote, na mizani na vina alivikuta kwa waliomtangulia. Hata hivyo hakuna anayethubutu kumwambia kwamba shairi si lake.

Tena lugha yetu inatenganisha kutunga na kupanga. Kitabu cha simu kimepangwa. Hakikutungwa, kwa sababu hakina uzi. Ukilitoa jina moja, mengine hayatikisiki. Lakini chukua Breakout, uondoe lile pigo la kibao kupungua, au uufanye ukuta uwe na safu mbili badala ya nane, utaona kila kitu kimelegea. Uzi wake ni wakati. Ni njia ya ule mpira kutoka kibao hadi tofali, na kutoka tofali hadi kibao. Msajili alizihesabu shanga moja moja akaona kila moja ni ya bei rahisi, na kwa kuzihesabu hivyo alikuwa ameshaukata uzi.

Lakini nusu ya tatizo si tatizo lote. Kuna upande wa pili, nao unanitia wasiwasi zaidi. Ikiwa mpangilio una mwenyewe, wa kufuata atapita wapi? Breakout ulitokana na Pong, Pong ukatokana na Odyssey, Space Invaders ukatokana na Breakout. Mwaka 1986 Taito hiyohiyo ilitoa Arkanoid, ambao ni kibao, mpira na matofali kwa mara nyingine, pamoja na zawadi zinazodondoka kutoka ndani ya ukuta. Kama kila mmoja wao angemfungia mwenzake mlango, mnyororo huu ungekatikia kwenye pete ya kwanza.

Sheria inajaribu kupita katikati. Inalinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi wazo. Fikiria bao la Kiswahili. Mashimo yake 32, kete zake 64 na kanuni zake za kutakatia ni mali ya kila anayekaa barazani. Lakini fundi aliyechonga ubao kwa nakshi zake mwenyewe anayo haki ya kusema, nakshi hii ni yangu. Katika bao mpaka huo unaonekana kwa macho. Katika mchezo wa video kanuni na nakshi zimechanganyika kama chumvi na maji.

Ugumu huo ulidhihirika mwaka 2012, katika mahakama ya shirikisho ya New Jersey. Kampuni ndogo iitwayo Xio ilikuwa imetoa mchezo wa simu uitwao Mino, ikikiri kwamba imeufuata mchezo wa Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Xio ilijitetea kwamba imechukua kanuni tu, na kanuni ni huru. Mahakama ikatazama: maumbo yaleyale, eneo la kuchezea lenye upana uleule wa miraba kumi na urefu wa ishirini, vivuli vilevile. Ikaamua kwamba Xio imevuka kutoka kwenye wazo ikaingia kwenye kazi ya mtu. Nakubaliana na hukumu hiyo, japo kwa shingo upande. Pajitnov mwenyewe alianzia kwenye fumbo la kale la kupanga vipande vya miraba mitanomitano, akapunguza vikawa vya miraba minne. Na kwa miaka mingi, kwa kuwa aliutunga akiwa katika taasisi ya serikali ya Sovieti, hakupata mrabaha. Alianza kuupata mwaka 1996. Wa kwanza kulindwa na sheria huwa si lazima awe wa kwanza kutunga.

Kuna hoja moja ambayo msajili angeweza kuitegemea, nayo ilikuwa imeshajibiwa kabla yake. Ni kwamba mchezo hubadilika kila unapochezwa, na kwa hiyo mtunzi halisi ni mchezaji. Mwaka 1982, katika kesi kuhusu mchezo uitwao Scramble, mahakama ya rufaa ya New York iliikataa hoja hiyo kwa sababu picha na sauti nyingi hujirudia vilevile, yeyote anayecheza. Kwa wakosoaji wa sanaa, hata hivyo, hoja hiyo haikufa. Novemba 2012 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilitangaza kuingiza michezo 14 katika hazina yake, Tetris ukiwamo, na mwaka uliofuata likaongeza Pong na Space Invaders. Mkosoaji Jonathan Jones wa gazeti la Guardian la Uingereza akapinga vikali. Sanaa, kwa maoni yake, ni mtu mmoja anavyoyapokea maisha, ilhali mchezo ni uwanja ambao hakuna anayeweza kusema kuwa ni maono yake.

Namheshimu Jones, lakini nadhani alitafuta mahali pasipo penyewe. Maono ya Alcorn yamo katika pengo aliloliacha, na ya Nishikado yamo katika kiumbe cha mwisho kinachokimbia. Hayaonekani ukisimama mbele ya kabati kama unavyosimama mbele ya mchoro. Huonekana baada ya kupoteza sarafu kadhaa.

Na swali lilelile limerudi katika mahakama ileile. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia iliamua shauri la Stephen Thaler, mtaalamu wa kompyuta aliyetaka kusajili picha iliyotengenezwa na mashine yake ya akili bandia, akiitaja mashine hiyo kuwa ndiyo mtunzi. Mahakama ikakataa: kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, mtunzi hana budi kuwa binadamu. Zamani iliulizwa kama kazi ya watu ina ubunifu wa kutosha hali ni mistatili mitupu. Safari hii mbele yake palikuwa na picha kamili, isipokuwa aliyetajwa kuwa mtunzi wake hakuwa mtu.

Miaka miwili kabla ya hapo, Februari 2023, ofisi ileile iliyoukataa Breakout ilikuwa imepokea shauri la kitabu cha katuni kiitwacho Zarya of the Dawn. Maneno yake yaliandikwa na mtu, picha zake zilitolewa na programu ya akili bandia iitwayo Midjourney. Ofisi ilikataa kuzisajili picha, moja baada ya moja. Ikayakubali maneno, na pamoja na maneno ikaukubali uchaguzi wa zile picha na jinsi mtu yule alivyoziweka moja baada ya nyingine.